Koti la Anga na Baridi ya Ziwani

Mazungumzo na wavuvi, wachakataji wa dagaa, wachuuzi na wanunuzi wa nguo, katika mwalo wa Kirumba, Mwanza

Tunajua kwamba aliyekesha ziwani angependa saa hii awe kitandani, na kwamba mama aliyeacha dagaa juani ana jicho moja kwetu na jingine kwenye mawingu. Kwa hiyo hatutazungumza kwa mapambo. Tumekuja kwa ajili ya koti.

Tangu kipupwe kilipoingia tumekuwa tukiulizwa swali lilelile na watu wa Kirumba, wa Igombe, wa Sengerema na wa visiwani Ukerewe. Linauzwa koti ambalo bitana yake inang'aa kama fedha. Wengine huliita koti la anga, wengine koti la NASA, na muuzaji huapa kwamba kitambaa chake ndicho wanachokivaa wanaanga: kwamba hurudisha mwilini joto lote, halipitishi maji, na aliyelivaa hahitaji kitu kingine. Je, ni kweli?

Kijana mmoja, mvuvi wa dagaa, alilinunua koti la namna hiyo kwa shilingi 90,000. Jina lake tumemwachia mwenyewe, na jina la aliyemuuzia tumeliacha pia. Fedha hiyo ilikuwa karibu yote aliyoipata katika giza zima, yaani siku zile zisizo na mbalamwezi ambazo ninyi mnazijua kuliko sisi. Usiku wa pili wa kulivaa, mvua iliwakuta mbali na nchi kavu. Koti lilinyonya maji kama godoro. Hakulivua, kwa sababu aliambiwa kwamba joto limo ndani yake. Kabla ya alfajiri alitetemeka hata vidole vikashindwa kufunga kamba, kisha akaanza kusema maneno yasiyoeleweka. Wenzake, ambao hawakuwahi kusoma lolote kuhusu anga, walimvua koti, wakamvika sweta kavu la mmoja wao, wakamfunika turubai na kumkalisha katikati yao. Alipona. Wiki iliyofuata alituletea koti hilo, nasi tukalipasua mshono.

Tulichokikuta ndani si uongo mtupu, na hapo ndipo penye ugumu wa jambo hili. Kulikuwa na utando mwembamba sana wa plastiki uliopakwa madini ya aluminiamu, na utando huo kwa asili yake una uhusiano wa kweli na safari za anga. Mwaka 1960 Wamarekani walirusha setilaiti iliyoitwa Echo 1, ambayo ilikuwa puto kubwa lenye upana wa mita 30 hivi, lililotengenezwa kwa plastiki nyembamba kuliko unywele na kupakwa aluminiamu ili mawimbi ya redio yagonge na kurudi duniani. Mwaka 1964 shirika la NASA likatumia utando wa aina hiyo kutengeneza blanketi jepesi la kuzuia joto. Mwaka 1973, kituo cha anga cha Skylab kilipopoteza ngao yake ya jua wakati wa kurushwa, wanaanga walitandaza juu yake mwavuli wa kitambaa kilichopakwa aluminiamu, na joto la ndani likashuka hata wakaweza kuishi humo.

Na tusiseme kwamba mambo hayo ni ya mbali na hayatuhusu. Mwaka 1962, John Glenn alipoizunguka dunia mara tatu, Unguja palikuwa na kituo kimojawapo kati ya vilivyofuatilia chombo chake. Mwaka 1970, setilaiti iliyopewa jina la Kiswahili, Uhuru, ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco lililokuwa baharini karibu na Malindi. Anga lina historia yake katika pwani yetu. Tunalopinga sisi ni kulitumia jina hilo kumwondolea mtu akiba yake.

Sasa tuangalie utando huo unafanya nini. Mwili hupoteza joto kwa njia kadhaa, nanyi mnazifahamu zote hata kama hamkuzipa majina. Ukikalia ubao wa mtumbwi uliolowa, ubao hukunyonya joto kwa kugusana nawe. Upepo ukipita, hukuvua ile hewa ya uvuguvugu iliyoshikamana na ngozi. Nguo iliyolowa inapokauka juu yako, maji yanayogeuka kuwa mvuke huondoka na joto lako. Iko na njia ya nne: mwili hutoa joto kwa kumulika, kama kaa la moto linavyokuchoma usoni ingawa hujaligusa. Utando wa fedha huizuia njia hii ya nne, nao huizuia vizuri sana, kwa kuwa hurudisha zaidi ya asilimia 90 ya joto la kumulika linaloufikia.

Lakini kule anga za juu hakuna hewa, hakuna upepo na hakuna mvua. Ni ombwe tupu. Katika ombwe joto halina njia nyingine ya kutokea ila hiyo ya kumulika, na ndiyo maana utando wa fedha hufanya maajabu huko. Ziwani hali ni kinyume. Usiku upepo hutoka nchi kavu kwenda majini, na pepo za pande zote zinapokutana katikati ya ziwa huzaa ngurumo na mvua za usiku na alfajiri. Mvuvi wa Ziwa Victoria haibiwi joto kwa kumulika kwanza. Huibiwa na upepo na maji. Maji hunyonya joto la mwili upesi kwa kadiri ya mara 25 kuliko hewa. Mtu aliyelowa katika upepo anaweza kupatwa na baridi ya kuua hapa hapa kwetu, bila theluji hata chembe moja, na walio karibu wakadhani ni malaria au uchovu.

Kisha kuna siri ya ushonaji. Utando wa fedha hauwezi kurudisha joto la kumulika kama umebanwa kati ya vitambaa viwili vinavyougusa pande zote. Unahitaji nafasi ya hewa mbele yake. Ukigusana na shati lililolowa, aluminiamu hiyo hiyo hupitisha joto kwa urahisi, kama sufuria ipitishavyo moto wa jiko. Katika koti la yule kijana, utando ulikuwa umegandishwa kwa gundi kati ya nailoni na sponji. Ulikuwepo, naam, lakini haukuwa na kazi. Ni sawa na kununua taa nzuri ukaifungia ndani ya sanduku.

Jambo moja huwashangaza wengi tunapolisimulia. Mwanaanga anayetoka nje ya chombo chake huvaa, chini ya lile vazi jeupe, nguo ya ndani yenye mirija midogo ipatayo mita 90, na ndani ya mirija hiyo hupita maji ya kumpoza. Vazi lake limezibwa mno kiasi kwamba joto la mwili wake mwenyewe lingemlemea. Kwa hiyo muuzaji anayesema kwamba mwanaanga hupashwa joto na bitana ya fedha amelielewa vazi kinyumenyume.

Kuna vitu vingine viwili mtakavyovisikia, na hivyo ni vya kweli, ila havipatikani kwa bei ya mnada. Cha kwanza ni aerojeli. Ni kitu chepesi mno, ambacho sehemu kubwa yake ni hewa iliyonaswa ndani ya vitundu visivyoonekana. Kilibuniwa na Samuel Kistler huko Marekani, naye alikitangaza mwaka 1931, kabla ya chombo chochote kwenda angani. NASA ilikitumia baadaye kukinga baridi katika kigari kilichotua sayari ya Mirihi mwaka 1997. Aerojeli huzuia joto vizuri hata ikiwa nyembamba, nayo hutiwa katika soli za viatu na katika glavu za wapanda milima. Hata hivyo peke yake ni kitu chepesi kuvunjika na hutoa vumbi, hivyo ni lazima ishikizwe ndani ya kitambaa kwa ustadi unaogharimu fedha nyingi. Muuzaji asiyeweza kukuonyesha lebo inayoitaja, usimpe bei ya aerojeli.

Cha pili ni vitambaa vyenye vijipunje vya nta. Utafiti wake ulifanywa kwa msaada wa NASA miaka ya 1980 kwa ajili ya glavu za wanaanga. Mwili ukipata joto, nta huyeyuka na kulihifadhi joto hilo. Ukipoa, nta huganda na kulirudisha. Humfaa mtu anayeingia na kutoka, mathalani mfanyakazi wa chumba cha barafu katika kiwanda cha minofu ya sangara. Aliyekaa mtumbwini saa tisa mfululizo, nta yake huganda mapema, na baada ya hapo koti lake ni koti tu.

Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na ndivyo jina la NASA lilivyofanywa. Wako watakaowaambia kwamba Teflon ilitoka angani. Iligunduliwa mwaka 1938, miaka 20 kabla ya NASA kuundwa. Wako watakaosema hivyo kuhusu Velcro, ule utepe wa kunata unaolia kama kitambaa kinachochanika ukiufungua. Huo ulitokana na Mswisi George de Mestral, aliyetazama jinsi mbegu za magugu zilivyong'ang'ania manyoya ya mbwa wake, kama zinavyong'ang'ania suruali zetu tukipita porini. Na yale maandishi ya NASA yanayochapwa kifuani ni pambo. Shirika hilo huruhusu alama yake ichapwe kwenye fulana na makoti kwa masharti, lakini halimdhamini mfanyabiashara yeyote wala haliidhinishi ubora wa bidhaa yake. Kijana akilipenda koti kwa sababu ya herufi hizo, ni haki yake. Na alilipie kama pambo.

Basi ununue nini? Tutasema kwa mtazamo wetu, na wenye uzoefu wa ziwa mtusahihishe.

Anza na kilicho nje. Mvuvi anahitaji kwanza kitu cha kuzuia upepo na maji, na koti la mvua la plastiki nzito, lenye kofia na mshono uliozibwa, hulishinda koti lolote la fedha lenye sponji. Usisadiki neno la muuzaji kwamba maji hayapiti. Omba kikombe cha maji, mimina kidogo begani penye mshono, subiri dakika chache, kisha pitisha mkono ndani. Muuzaji mwenye bidhaa safi hatakasirika. Na akikasirika, umepata jibu bila kulipa. Upepo nao hupimwa kwa mdomo: bana kitambaa kwenye midomo na upulize kwa nguvu. Pumzi ikipenya, upepo wa ziwani utapenya zaidi.

Chini ya hilo vaa sweta. Hapa tunazisifu nguo za mitumba bila aibu. Katika marobota yanayofunguliwa Mlango Mmoja hutoka masweta ya sufu halisi kutoka nchi za baridi, ambayo kwa bei ya chini yanafanya kazi ambayo koti la anga linajigamba kuifanya. Sufu hubakiza sehemu ya joto lake hata ikilowa. Pamba haiwezi: fulana ya pamba iliyolowa ni adui uliyejivika mwenyewe. Soma lebo ya shingoni au ya ubavuni, na utafute neno la sufu na asilimia yake kwa lugha yoyote uijuayo, au mwombe mwanafunzi akusomee. Lebo ikikatwa, kamata kitambaa ganjani. Sufu hujaa mkono na hurudi ukiiachia. Weka sweta la pili kavu ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri, na usiufungue mpaka utakapohitajika. Sweta hilo la pili ndilo lililomponya kijana wetu.

Ikiwa bado unalitaka koti lenye bitana ya fedha, kwa mfano wewe dereva wa bodaboda wa Buhongwa unayeanza kazi saa kumi na moja alfajiri, au mzazi ambaye mwanawe amepata nafasi ya kusoma nchi yenye theluji, litazame hivi. Fedha iwe upande wa ndani na iwe wazi, isifunikwe na kitambaa kingine. Sogeza kiganja karibu nayo bila kuigusa, umbali wa upana wa kidole; ikiwa inafanya kazi, baada ya muda mfupi utahisi uvuguvugu wa mkono wako ukirudi. Kisha sugua kwa kidole gumba. Rangi ya fedha ikibaki kidoleni, hiyo ni rangi tu, na itakwisha kabla ya mfuo wa tatu. Kwa mzazi tunaongeza neno moja: mwanao atakuta huko makoti yaliyoshonwa kwa baridi ya huko, mara nyingi kwa bei nafuu katika maduka ya nguo zilizotumika. Mpe sweta na soksi za safari, na fedha iliyobaki abebe mkononi.

Kuna kitu kimoja cha anga tunachowashauri mkinunue. Ni lile blanketi la dharura la utando wa fedha, linalokunjwa likawa dogo kama leso na ambalo uzito wake haufiki gramu 100. Ni jambo la ajabu kidogo kwamba koti la bei kubwa halifai na karatasi hii ya bei ndogo inafaa, lakini ndivyo ilivyo, kwa sababu halijifanyi nguo. Halipitishi upepo wala maji, na hurudisha joto la kumulika likiwa na nafasi. Mtu akiopolewa majini, mvueni nguo zilizolowa, mkausheni, mvikeni kitu kikavu, kisha mzungushieni blanketi hilo kwa nje na mfunike kichwa bila kuziba uso. Likitandwa juu ya nguo zilizolowa na zikaachwa hivyo, faida yake hupungua sana. Nuru ya tochi ikilipiga usiku huonekana kwa mbali. Huchanika upesi, hivyo chukueni mawili. Msilisogeze kwenye moto wala kwenye karabai, maana plastiki yake huyeyuka na kung'ang'ania ngozi. Msimfunike nalo mtoto mchanga aliye peke yake. Huweza kumziba pumzi. Na msiwashe jiko la mkaa ndani ya kibanda kilichofungwa ili kumpasha mgonjwa joto, kwa sababu hewa ya mkaa huua kimya kimya.

Matajiri wenye mitumbwi, tunawaomba mtusikilize hapa. Tumeona mtumbwi ambamo vijana wanne walikuwa na makoti mazito manne na jaketi okozi moja. Tulipouliza, tuliambiwa kwamba koti lenye sponji huelea. Huelea, ndiyo, kwa dakika chache, mpaka sponji ishibe maji. Baada ya hapo humvuta mtu chini na kumzuia asipige mikono. Hakuna koti la baridi, la anga au la ardhini, linalochukua nafasi ya jaketi okozi. Livaliwe juu ya koti la mvua, lifungwe mikanda, na lisigeuzwe kuwa mto wa kulalia. Ikiwa fedha inatosha kimoja tu kati ya koti jipya na jaketi okozi, nunueni jaketi, na baridi muikabili kwa masweta ya Mlango Mmoja.

Ndugu wachuuzi, hatukuja kuwashitaki. Tunajua kwamba wengi wenu mnayasema yale mliyoambiwa na aliyewauzia kwa jumla, na kwamba robota haliji na maelezo. Lakini Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji kuhusu asili, ubora au matumizi ya bidhaa, na maneno ya mdomo ni sehemu ya biashara kama lilivyo bango. Ukisema “sijui kama ni la anga, ila upepo haupiti, jaribu mwenyewe,” umesema kweli na koti utaliuza.

Na wewe mnunuzi, dai risiti. Muuzaji akitoa sifa kubwa, mwombe aiandike juu ya risiti hiyo: “halipitishi maji.” Ni maneno mawili tu, lakini siku ya malalamiko yana nguvu kuliko kiapo. Koti likikuhadaa, rudi kwanza kwa aliyekuuzia, ukiwa na risiti na koti lenyewe, kabla hujalikata wala kulifua mara nyingi. Msipoelewana, jambo la ubora lipelekwe Shirika la Viwango, TBS, ambalo lina ofisi ya Kanda ya Ziwa hapa Mwanza. Na jambo la kupotoshwa au bidhaa bandia lipelekwe Tume ya Ushindani, FCC. Hakuna haja ya wakili, na malalamiko yanaweza kuandikwa kwa Kiswahili, kwa mkono. Yule kijana aliandika ukurasa mmoja. Muuzaji wake, alipoonyeshwa bitana iliyopasuliwa, alirudisha shilingi 60,000 na akaomba apewe muda kwa zilizobaki. Tunaposema nanyi, muda huo haujaisha.

Koti lenyewe lipo hapa mezani, pamoja na koti la mvua, sweta la sufu, blanketi la dharura na ndoo ya maji. Sogeeni mjaribu kwa mikono yenu. Aliyekuja na koti lake la fedha na alilete pia. Kwa ruhusa yake tutalifungua mshono tuone kilichomo, na fundi aliyeketi pale na cherehani atalishona tena kabla mwenyewe hajaondoka.